Faili Namba 104,729

Shangazi yangu ameshona sare za shule maisha yake yote, na hakuna hata moja aliyomvalisha mtoto wake. Nalisema wazi kwa sababu mtaa mzima ulilisema kwa mafumbo.

Mumewe alifundisha hesabu, na Shangazi mwenyewe humwita Mwalimu kama watu wote. Akishikwa na wasiwasi, Mwalimu huokota namba yoyote iliyo karibu na kuanza kuigawanya. Wengine huvuta sigara.

Mwaka wa sita wa ndoa walikwenda kupimwa. Daktari hakuzunguka: Shangazi ni mzima, tatizo liko kwa Mwalimu. Walirudi nyumbani. Mwalimu akaketi mezani na kadi yake ya hospitali, faili namba 104,729, akachukua penseli. Mbili ikagoma, tatu ikagoma, saba ikabakiza mbili. Kwa jumla alijaribu namba sitini na sita. Ya mwisho, 317, iliingia mara 330, ikabaki 119. Kupita hapo hakuna haja ya kuendelea.

"Ni tasa," akasema. Yaani haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe.

Mama yake, aliyekuja kusikia majibu, alikuwa ameshafika mlangoni. Alilidaka neno hilo moja, akamtazama Shangazi tumboni, akaenda zake. Kufikia jioni ukoo mzima ulikuwa na habari.

Mwalimu alikuwa na sentensi moja tu ya kusema, na hakuisema. Shangazi hakutaka kumwaibisha mtu mbele ya mama yake, akamngojea aseme mwenyewe. Mawifi wakambandika jina la Tasa. Anasema ganzi iliyomwingia ilikuwa kama ya mguu uliokaliwa, ila hii haikutoka. Aliendelea kupinda mikunjo ya sketi.

Ikapita miaka kumi na tisa. Mama mkwe alishazikwa. Nilikwenda kwao na kazi ya shule ya namba tasa, na Mwalimu akaniandikia 104,729 bila hata kuwaza. Akaisifia kweli kweli. Ukizihesabu namba tasa zote kuanzia mbili, alisema, hii ni ya elfu kumi kamili, haipungui wala haizidi.

Cherehani ikanyamaza.

"Mwambie ni namba ya nani," Shangazi akasema.

Mwalimu akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa, akaivua tena.

"Yangu," akasema. "Tasa ni mimi, mwanangu. Si shangazi yako."

Nilikasirika mpaka masikio yakawaka. Watu wa kuambiwa hayo walijaa sebule hiyo hiyo miaka yote ile, na yeye ananiambia mimi, mwenye daftari. Nikamgeukia Shangazi nikidhani atalia. Alikuwa anatunga uzi kwenye sindano.

"Nililingoja sana hilo neno," akasema. "Sasa limekuja, na sijui hata nilikuwa nalitakia nini."

Kisha akaniomba nisogee, namzibia mwanga.