Nilimkalisha Mtu Kwenye Kiti cha Baba

Kosa ni langu. Nimeona nilitangulize hilo kabla sijaanza kuchekesha, maana najijua. Mdomo wangu ukishika njia hata matanga naweza kuyageuza harusi. Na hili nililigeuza hivyo hivyo, ndiyo maana leo nakaa peke yangu kwenye nyumba ya vyumba vinne hapa Mugumu, na sebuleni napita mbio kama nafukuzwa na nyuki.

Shule mimi niliishia kwenye kufagia uwanja. Kwa hiyo nivumilieni, naandika kama ninavyoongea.

Baba yetu, sisi Wakurya tunasema tata, alifariki akaacha nyumba ya bati, mama, mimi, na dada zangu wawili walioolewa Tarime. Jina lake la kweli sitaliweka hapa. Tumwite Mzee Nyamhanga.

Msiba ulipoisha, wazee wa ukoo walikuja kumwambia mama achague ndugu wa marehemu amrithi. Mama yangu ni mfupi, gunia la mahindi likisimama linamzidi. Lakini siku hiyo alikuwa mrefu kuliko mnara wa simu. Aliwaambia, "Mimi nina mume. Amekufa, lakini ninaye." Wakaondoka na fimbo zao. Mama akalifungia koti la tata sandukuni, na kigoda chake akakiweka sebuleni. Hakuna aliyekikalia tena. Hata kuku walikuwa wanakizunguka.

Sasa kodi. Mnajua kodi ya majengo siku hizi inakatwa humo humo kwenye umeme. Unanunua umeme, taa haijawaka, wao wameshachukua chao. Ni hela ya maandazi tu, sikatai. Lakini mimi ukinitoa shilingi bila kunipa kitu mkononi, naugua wiki nzima.

Tukasikia watu wa kodi wanapitia nyumba upya, waone ipi ghorofa, ipi ya kawaida, ipi ya udongo na nyasi isiyotozwa. Mtaa ulichanganyikiwa. Jirani yangu alitaka ang'oe bati arudishe nyasi. Mkewe akamuuliza, "Na mimi je, unirudishe kwetu?" Akaacha.

Mwenyekiti wa mtaa akaniita pembeni. "Nyie kwenu mbona rahisi? Mzee aliyepita miaka sitini, anakaa kwenye nyumba yake mwenyewe, hana duka wala mpangaji, anasamehewa. Nenda kawaambie baba alifariki, nyumba iandikwe jina la mama. Umri anao."

Alinionyesha njia nyeupe kabisa, na mimi nikaikataa. Nyumba iandikwe mwanamke? Nikawaza dada zangu. Mama akiandikwa, siku akifa na wao watakuja kudai chumba. Nyumba ilikuwa bado kwa jina la tata, na nilitaka ibaki hapo hapo mpaka ije kwangu kimya kimya. Na tata angekuwa hai, umri wa kusamehewa angekuwa nao wa kumwaga. Nikajiambia, basi awe hai.

Kuna mzee wa jirani, Mzee Marwa, alifiwa na mke zamani. Anapenda ugoro na maneno. Akianza hadithi, ng'ombe wanasahau kula. Nikamfuata.

"Baba mdogo, wewe ukae tu. Ukiitwa, uitike."

"Wakiuliza umri?"

"Sema ulizaliwa mwaka wa njaa."

"Ipi? Sisi njaa tumezipata nyingi."

"Yoyote hiyo."

Siku yenyewe mama alienda sokoni. Nilifungua sanduku, nikamvalisha Mzee Marwa koti la tata. Likamkaa kama alishonewa. Nikakitoa kigoda nje, nikamkalisha mbele ya mlango. Wallahi nilikuwa nacheka mpaka machozi.

Afisa alichelewa, pikipiki yake ilipata pancha. Dada mpole, mgeni, kahamishiwa huku kutoka Songea. Akapiga magoti kidogo.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Umekuja kuhesabu ng'ombe zangu?"

"Hapana baba. Nyumba tu."

"Andika na ng'ombe. Mia tatu. Simba wa mbugani wakiziona wanaamkia."

Nikamkanyaga mguu. Dada akacheka, halafu akasoma jina la tata lote, la kwake na la baba yake. "Ndiye wewe, mzee?"

"Naam," akaitika kwa sauti. "Ndiye mimi."

Nikageuka, nikamwona mama. Amesimama kwenye uzio, beseni la nyanya kichwani. Sijui alifika saa ngapi, ila jina alilisikia.

"Shikamoo mama," dada akasema. "Huyu ndiye mume wako?"

Mama hakumtazama Mzee Marwa. Alinitazama mimi, muda mrefu. "Kama mwanangu amesema," akajibu, "ndiye." Akaingia ndani na nyanya zake.

Msamaha tukapata. Siku hiyo mama hakupika. Mzee Marwa alipotaka kuvua koti, mama akatoka mlangoni akamwambia, "Nenda nalo. Kama ni lako, ni lako." Kisha akanigeukia.

"Wazee wa ukoo niliwakatalia mbele za watu. Wewe umenirithisha kwa sababu ya umeme."

Kwetu, mwanaume akikaa kwenye kiti cha marehemu, akavaa nguo yake, akaitikia jina lake mlangoni kwa mjane, watu wanaelewa kitu kimoja tu. Nilikuwa najua. Nilijua tangu utoto, ila kicheko kilinijaa kichwani mpaka nikasahau.

Kulipokucha mama akafunga mzigo, akaenda kwa kaka yake, kijijini Mbalibali. Bombani wanawake wakawa wanasema kumbe mama fulani karithiwa, na mshenga ni mwanawe. Vijana wa bodaboda wakimwona Mzee Marwa wanamwita baba mwenye nyumba. Alilirudisha koti, akalitundika kwenye uzio, hakupiga hodi. Sasa anapita njia nyingine.

Na tangu hapo mtu akibisha hodi kwangu, kuna anayeitika kabla yangu. "Naam." Inatoka kwenye kigoda, nilichokirudisha sebuleni. Sio sauti ya Mzee Marwa. Mnajua mimi natia chumvi, ningeweza kusema inanguruma kama radi. Haingurumi. Ni ndogo, kama ya mtu aliyeamshwa usingizini.

Nikashindwa. Nilimfuata yule dada wa kodi nikamwambia ukweli wote, mzee wetu alishakufa. Hakunifokea. Alisema msamaha unafutwa, nimlete mama ili taratibu za mirathi zianze, nyumba iandikwe kwake.

Nikaenda Mbalibali. Mama alikuwa anapukuchua mahindi na mjomba.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Karibu mgeni." Akanisogezea kiti. Halafu, mikono ikiendelea na mahindi, akauliza, "Baba yako hajambo?"

Nikasubiri acheke. Hakucheka. Mjomba akatazama chini. Hata leo sijui kama alikuwa ananichoma au alikuwa anauliza kweli. Nilifungua mdomo niombe msamaha, nikajikuta nimejibu, "Hajambo."

Nikarudi peke yangu.

Ninyi mnaosoma, mkifiwa semeni. Nendeni kwa watu wa kodi mkaseme huyu hayupo, nyumba iandikwe jina la aliye hai, hata kama ni mwanamke, hata kama dada zenu watakuja kudai chumba. Dada wataingia, watakula, wataondoka. Mimi, huyu niliyemwita kwa uongo ameingia, na sijui nimwambie nini ili atoke.