Kiti cha Kupimia Shingo

Hospitalini karibu kila mtu alimwita Mama Mizani, kwa sababu chochote kilichopima kitu kingine kikiharibika kilipelekwa kwake: mizani za watoto wachanga, vipima presha, vipimajoto vya friji za dawa. Karakana yake ilikuwa chumba kirefu nyuma ya chumba cha kufulia, na ukuta wa upande huo ulikuwa na joto mwaka mzima. Ufundi aliurithi kwa baba yake, aliyekuwa akitengeneza mizani za sokoni, na pamoja na ufundi akarithi ubishi. Ukimwambia kitu ni kizito, atakuuliza kilo ngapi. Ukimwambia unakuja sasa hivi, anatazama saa.

Mumewe alikuwa mpaka rangi, bingwa wa dari. Miaka ishirini na mitano alifanya kazi akiwa ameinua kichwa, na mwenyewe alipenda kusema kwamba yeye ni mtu wa mambo ya juu. Asubuhi moja ngazi iliteleza kwenye sakafu ya vigae, akaangukia bega na kichwa. Picha zilionyesha mifupa ni mizima. Akavishwa kola ya shingo, na ilipovuliwa baada ya wiki kadhaa, kichwa kikawa mzigo. Akila, mkono mmoja ulishika kijiko na mwingine ulishikilia kidevu. Akiitwa kutoka nyuma, aligeuka mwili mzima kama kabati linalohamishwa.

Akaanza mazoezi katika kitengo cha viungo, kwa mtaalamu mmoja kijana, binti wa umri wa watoto wao. Kila Jumanne binti yule alimketisha, akamwekea kiganja kwenye paji la uso na kumwambia asukume. Akasukuma. Binti akaandika kwenye kadi: nne kati ya tano. Wiki iliyofuata, nne. Binti alipokuwa likizo, mwenzake aliweka kiganja chake akaandika tatu. Wiki ya nane ikawa nne tena.

"Nimekariri darasa," alimwambia mkewe wakirudi nyumbani. "Nafanya mazoezi mpaka jasho linanitoka, nikienda naambiwa nne. Bora nikae tu."

Alisema huku akicheka, lakini Jumanne iliyofuata hakwenda.

Kesho yake, saa ya mapumziko ya mchana, Mama Mizani aliingia kitengo cha viungo na kumkuta binti akimenya chungwa.

"Mwanangu, samahani. Kiganja chako kinapima kilo ngapi?"

Binti aliweka chungwa chini. Angeweza kukasirika. "Hakipimi kilo, mama. Kinaniambia kama msuli umelala au umeamka. Ukishaamka, kati ya mtu aliye dhaifu na mtu mzima kabisa, mara nyingi sioni tofauti. Na nikiwa nimechoka, naona kila mtu ana nguvu."

"Kwa hiyo huenda baba anaendelea vizuri na hatujui."

"Au anarudi nyuma na hatujui."

Vyombo vya kupimia shingo vipo, binti alieleza, ila hospitali yao haikuwa nacho hata kimoja. Mama Mizani alirudi karakana bila kuitikia salamu za waliompita njiani.

Chini ya meza yake kulikuwa na mizani ya watoto iliyopasuka sahani. Ndani ya mizani ya namna hiyo kuna kipande cha chuma, kidogo kama kidole gumba, ambacho kikigandamizwa hupinda kiasi kisichoonekana kwa jicho, na kupinda huko ndiko kunakogeuzwa kuwa namba. Alikitoa, akakifunga kwenye fremu mbele ya kiti cha chuma, akaweka mto wa sponji wa kuegemeza paji la uso. Mto uliweza kuhamishiwa kisogoni na ubavuni, maana shingo husukuma pande zote. Ili kupima mwendo, alitengeneza mkanda wa kichwani wenye kipimapembe cha shuleni na timazi ndogo: mtu akiinamisha kichwa, uzi unabaki wima na nyuzi za pembe zinasomeka. Kwa kugeuka kulia na kushoto aliweka dira utosini. Dira hiyo ilimtesa siku tatu. Mtu yuleyule akigeuka kiasi kilekile, kila mara ilisoma nyuzi tofauti, mpaka alipogundua kwamba sindano inavutwa na chuma cha kiti. Kwa kipimo hicho akaazima kigoda cha mbao, akakiweka kona ya mbali.

Wa kwanza kupimwa walikuwa wafanyakazi wenye afya zao: wafuaji, wapishi, mlinzi wa geti. Mlinzi alisukuma kilo thelathini na nane, akatoka akitembea kifua mbele. Mchana alirudi na wenzake wawili waje kushuhudia. Mama Mizani hakufurahi. Alimwomba arudie, na safari hii akamtazama miguu. Viatu vilikuwa vimekita sakafuni kama vya mtu anayesukuma gari bovu, na mgongo wote ulikuwa kazini.

"Hii si shingo, kaka. Hii ni wewe mzima."

Akaongeza mikanda miwili ya kifuani, akainua kiti ili miguu ining'inie. Mlinzi akashuka hadi kilo kumi na sita mbele ya mashahidi wake, akaondoka akidai kwamba mashine imeharibiwa.

Habari zikamfikia Daktari Mkuu, naye akaja karakana mwenyewe. Alikizunguka kiti, akavuta mikanda, akabonyeza sponji.

"Mama, sikatai. Lakini mwenye shingo mbovu akijisukuma kupita kiasi hapa, nani atawajibika? Na nasikia mumeo ndiye wa kwanza kwenye orodha ya wagonjwa."

"Ndiye aliyenifanya nikitengeneze."

"Basi awe wa mwisho. Ukimpenda mtu, unasoma namba unayoitaka."

Maneno yale yalimchoma. Yeye, ambaye hakusamehe hata nusu gramu? Alikubali shingo upande, akarudi karakana. Siku ya tatu alikumbuka jambo. Ule mkanda wa kichwani alikuwa ameshaujaribu kwa mumewe sebuleni bila kumwambia yeyote, na daftari lilisema kwamba aliinamisha kichwa kwa nyuzi arobaini na tano. Jioni hiyo alimvalisha tena, akamwita binti yao mkubwa asome yeye.

"Thelathini na nane," binti alisema.

"Tazama vizuri."

"Mama, nimetazama. Thelathini na nane."

Walirudia mara tatu. Mama Mizani akalikata lile arobaini na tano kwa mstari mmoja, akaandika pembeni jina lake mwenyewe na tarehe. Asubuhi alikwenda kwa Daktari Mkuu na kumwambia yote. Daktari hakucheka. Alimpa kalamu, wakaketi kupanga.

Ilichukua miezi minne. Kiti kikapata kengele inayolia pale nguvu inapovuka kiwango alichowekewa mgonjwa, na fomu ya kutia sahihi kwa anayekubali kupimwa. Mama Mizani akajiwekea sheria kwamba yeye atakagua chombo tu. Namba za wagonjwa zitasomwa na wengine. Kila Jumatatu alitundika mawe ya mizani kwenye kamba iliyopita katika puli, kuhakikisha kwamba kilo tano zinasomeka kilo tano. Binti wa viungo na mwenzake waliwapima watu walewale siku tofauti bila kuonyeshana majibu, na majibu yakakaribiana sana.

Nyumbani mumewe alikuwa ameacha kabisa mazoezi. Alishinda kwenye kochi na mto nyuma ya shingo, na utani ulikuwa umempungua. Siku zamu yake ilipofika, mkewe alimwambia, "Njoo upimwe mara moja tu. Ukiona haina maana, sitakusumbua tena."

Mama Mizani alisubiri kwenye benchi la nje. Mlango ulipofunguka, mumewe alitoka na kikaratasi mkononi.

"Kilo nne na nusu," alisema.

Wanaume wa rika lake waliopimwa walisukuma kumi na mbili hadi kumi na tano.

"Miaka yote marehemu mama alisema nina shingo ngumu. Leo imethibitika kwamba alinisingizia." Akaketi karibu naye, kidevu kiganjani. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Unajua, ile nne kati ya tano ilinifanya nijione mvivu. Nilisema mtu mwenye nne si mgonjwa. Sasa mbona kula kunanishinda? Nikadhani nadeka. Kumbe nilikuwa naumwa kweli."

Macho yalikuwa yamemlowa. Mkewe alimshika mkono, wakakaa hivyo wagonjwa wengine wakipita.

Jumanne iliyofuata alikwenda mazoezini bila kuambiwa. Kilo nne na nusu zikawa tano, tano zikawa tano na robo tatu. Wiki moja alirudi nyuma hadi tano, akadai apimwe tena palepale. Binti alikataa: "Wiki ijayo, baba." Alikwenda kumshtaki kwa mkewe, mkewe akasimama upande wa binti. Mwaka ulipoisha alifika kilo kumi na nusu, na hapo ndipo alipogota. Daktari alimweleza waziwazi kwamba kazi ya dari basi. Aliinamisha kichwa, na kwa muda akawa akiingia nyumba za watu hatazami juu kabisa. Kisha akaanza kupaka milango na fremu za madirisha. Mezani alikula huku mikono yote miwili ikiwa huru.

Kiti kiliendelea. Aliketi dereva aliyegongwa nyuma, ambaye ofisini kwao walisema anajifanya mgonjwa, na karatasi yake ikamsemea. Chuo cha ufundi kikaomba michoro, kikaunda kiti cha pili kwa hospitali ya mji wa jirani. Mama Mizani alikwenda kukikagua siku kiliposimikwa, mumewe akimbebea mfuko wa mawe ya mizani. Alitundika kilo tano. Kiti kikasema tano na nusu. Wenyeji wakasema nusu kilo si kitu. Yeye alivua koti, akaomba spana namba kumi.

Mumewe alivuta benchi la korido, akawatazama wagonjwa waliokuwa wanasubiri, mmoja mmoja, kulia hadi kushoto.

"Kaeni vizuri, ndugu zangu," aliwaambia. "Namjua huyu mama. Hapo ni mpaka jioni."