Mikebe Sita ya Jasusi wa Kisiwani

Siku yangu ya kwanza katika chumba cha projekta, Fundi Mkuu aliniuliza nimesoma mpaka wapi. Alikuwa mzee wa Kiismailia kutoka Tanga, mkaazi wa Markham, huku Kanada.

"Darasa la sita, mzee. Wazazi walifariki, nikabaki na wadogo zangu wawili."

"Basi kuhesabu mpaka sita unajua. Sinema huja kwa mikebe sita. Ukikosea mpangilio, jambazi atazikwa kabla hajapigwa risasi."

Miaka hiyo ya tisini sinema ilikuwa mkanda wa kushikika. Tuliunga vipande kwa utepe wa gundi na kuvizungusha juu ya sahani kubwa ya chuma, ndipo mkanda ukapita mbele ya taa. Kabla ya kuunga nilisoma namba mwanzoni mwa kila kipande, nikaiandika ukutani kwa chaki. Nilikuwa kwenye majaribio ya miezi mitatu. Nikifaulu ningeajiriwa moja kwa moja na kuacha zamu ya pili ya kufagia kiwandani, ili wadogo zangu wanione nyumbani Malvern wakati wa chakula.

Wiki ya mwisho Meneja, Mkanada asiyejua neno la Kiswahili, alikodi sinema ya kuchekesha ya kijasusi ya miaka ya sitini. Jasusi mwenye suti nyeupe anatafuta bomu kisiwani. Kisiwa chenyewe kilikuwa pwani yetu, na wanakijiji ni wenyeji waliookotwa palepale. Jumapili mchana ukumbi ulijaa Wakongo, Warundi na Watanzania. Fundi Mkuu, siku yake ya mapumziko, alikaa chini na mkewe.

Kwenye kipande cha nne, kwa maandishi ya Kiingereza chini ya picha, mzee wa kijiji anamlaani jasusi. Ni mahali pa kutisha. Ukumbi mzima ukaangua kicheko, na Meneja akapanda ngazi mbio.

"Umechanganya mikebe. Zima."

Nikatazama ukutani. Moja mpaka sita. "Sizimi, bosi. Iko sawa."

"Wanacheka kwenye laana. Zima, au kesho usije."

Swichi sikuigusa. "Huyo mzee halaani. Anasema tangu asubuhi hawajapewa hata chai, na huyu mwenye suti anawarudisha juani kila akisahau maneno yake."

Fundi Mkuu akaingia akifuta machozi. "Mke wangu anauliza kama mnaweza kurudisha nyuma kidogo."

"Ni kweli anadai chai?" Meneja akamuuliza.

"Chai na mandazi. Sasa ameanza kumsema mpishi."

Meneja akakalia mkebe mtupu, nami nikamtafsiria mpaka mwisho, naye akacheka mpaka akakohoa. Akiondoka alisema, "Kesho uje. Na keshokutwa. Na kuendelea."

Nilidumu katika chumba kile hadi kompyuta zilipochukua nafasi ya mikanda, nikastaafu. Vijana wanaobonyeza kitufe sina ugomvi nao. Wakiniuliza sinema bora niliyowahi kuonyesha, nawatajia ile, nao hushangaa, maana jasusi mwenyewe hakuwa hodari wa lolote.

Jumatatu iliyofuata onyesho lile nilirudisha sare ya kiwanda. Jioni nilisonga ugali, nikatenga sahani tatu. Mdogo wangu Rehema akasimama mlangoni na mkoba wa shule. "Kaka, leo huendi kazini?"

"Nimeshatoka. Nawa mikono tule."