Udongo wa Kikoneni

Udongo wa kando ya kijito ukiloweshwa ndooni hadi asubuhi hutoa harufu yake peke yake: kidogo majani makuukuu, kidogo mvua, kidogo kama chungu kipya kinapotiwa maji kwa mara ya kwanza. Juzi niliinusa nikiwa nimechuchumaa uani kwangu hapa Ukunda, mikono topeni hadi viwikoni, nikitengeneza tangi la kioo la kufugia samaki ambalo wanangu wamelililia tangu Ramadhani. Papo hapo nikawa mtoto wa miaka tisa tena, nimenuna. Na kununa nilikujua, msione hivi.

Baba yangu mzazi, Hamisi, alifariki tukiwa tunakaa Kikoneni kwa mama yake, Bibi Mwanamgeni. Muda ulipopita, mama aliposwa na Bakari, dereva wa tuktuk wa Diani. Bibi hakuikataa ndoa. Alichokataa ni mimi kuondoka.

"Wewe nenda, ni haki yako," alimwambia mama. "Lakini huyu ndiye aliyenibakia wa Hamisi."

Mama akanichukua, tukahamia Diani kwa Bakari. Yeye na bibi waliachana bila kupeana mikono, na kwa watu wa kwetu hilo si jambo dogo. Tangu siku hiyo hatukukanyaga Kikoneni.

Wahenga walisema mama wa kambo si mama. Mimi nikajiongezea kwamba na baba wa kambo si baba. Nilimwamkia Bakari shikamoo kwa sababu mama alikuwa akinitazama. Zaidi ya hapo sikumpa neno. Nikitaka chumvi iliyo mbele yake, nilimwomba mama, mama akamwomba yeye, na chumvi ikazunguka sinia zima kabla ya kunifikia.

Siku moja alirudi na tangi la kioo amelifunga blanketi kama mgonjwa. Mteja wake mmoja aliyekuwa akihama Diani alikuwa amempa. Akaliweka barazani, akasema huku akiutazama ukuta, "Nasikia kuna mtu humu alizoea kuchungulia visamaki kijitoni kwao." Nikajifanya sikusikia. Lakini usiniulize ni mara ngapi nililipitia lile tangi siku ile.

Bakari hakuwa amewahi kufuga samaki. Alichota mchanga wa ufukweni, mweupe kama unga wa ngano, akausuuza mpaka maji yakatoka safi, akaumwaga tangini na kuchomeka nyasi za majini alizozitoa bwawani. Lilipendeza, siwezi kusema uongo. Majirani walikuja kutazama. Kisha nyasi zikaanza kuwa manjano, zikalegea, na moja baada ya nyingine zikaelea juu kama nywele zilizong'oka. Bahati nzuri hatukuwa tumetia samaki bado. Bakari akauchota ule mchanga kiganjani, akaukamulia ndimu, ukatoa vipovu.

"Umejaa kombe na matumbawe," alisema kwa huzuni ya kweli. "Huu utayafanya maji yawe kama ya chokaa. Tena hauna chakula cha mmea."

Hapo ndipo nikamtupia neno langu la kwanza. "Kwetu kijitoni hakuna mchanga mweupe. Kuna udongo chini na mchanga juu yake."

Akaigeuza shingo polepole, kama mtu aliyetuliwa na ndege begani. "Udongo gani?"

"Wa Kikoneni," nikasema. Nilikusudia kumchoma.

"Basi tutakwenda."

Mama aliyekuwa akipepea jiko akaacha kupepea. "Bakari, utasimama vipi mlangoni pa mama yule?"

"Nitapiga hodi."

Jumamosi tukaondoka, mimi nyuma kwenye tuktuk pamoja na magunia matupu na ndoo. Bakari alivaa kanzu yake aliyoolea, imepigwa pasi, na kofia. Nikajiuliza ni mtu gani huyu avaaye kanzu kwenda kuchimba tope. Barabara ya ndani ilituchekecha kama unga. Kadiri tulivyokaribia ndivyo alivyozidi kupunguza mwendo, na mara mbili nilimwona akiiweka sawa kofia yake.

Bibi alikuwa uani akipepeta mchele. Mimi niliruka nikamkimbilia, akanikumbatia na ungo wake, mchele ukamwagika wote. Bakari alibaki nje ya ua akipiga hodi, na hodi yake haikuitikiwa mpaka ya tatu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," bibi akajibu kwa ncha ya mdomo. "Umefuata nini?"

"Nimekuja kuomba udongo."

Bibi akamkodolea macho. "Udongo?"

"Wa mtoto. Anataka kuotesha nyasi za kijitoni ndani ya kioo. Wa kwetu pwani umekataa."

Bibi akanitazama, akamtazama, akatazama ile kanzu. Nadhani alikuwa ameyaandaa maneno ya kumrudisha mwanamume huyu siku akitokea, lakini hayakuwa maneno ya kumjibu mtu aombaye udongo. Akaelekeza kidole bustanini kwake, kando ya zizi la mbuzi. Bakari akauchukua ule udongo mweusi, akaunusa.

"Samahani mama, huu una samadi. Ndani ya maji utachacha na kunuka."

"Udongo huu huu ndio uliomkuza babake!"

"Naam, nje ya maji," akasema Bakari kwa upole.

Bibi akataka kukasirika, akacheka bila kupenda. Akajifunga leso kiunoni, akatangulia kijitoni.

Kule wakaanza kuchagua. Udongo wa kufinyangia vyungu wakauacha, maana ungeshikana kama saruji na mizizi isingepita. Tabaka la juu lenye majani yaozayo wakalikwangua. Chini yake ulikuwepo udongo wa kahawia, laini, uliovunjika vizuri vidoleni, na huo ndio bibi aliousifu. Bakari akapiga magoti topeni akichimba, kanzu ikaharibika mpaka kiunoni.

"Hamisi naye alikuwa hivyo hivyo," bibi akasema ghafla. "Hakuwa na adabu na nguo nyeupe."

Nilishikwa na hofu. Nyumbani kwetu jina hilo halikutajwa mbele ya Bakari. Yeye akaliweka jembe chini. "Nisimulie, mama."

Bibi akaketi kwenye ukingo na kusimulia: jinsi baba utotoni alivyojenga mabwawa ya tope mpaka akaifurikisha njia ya jirani, jinsi alivyolala na kambare ndani ya sufuria kitandani. Mambo ambayo sikuwa nimeyasikia kamwe. Alilia kidogo, Bakari akamsubiri. Kisha sote watatu tukachota mchanga wa mto, wenye punje kama chenga za mchele, wa kuufunika udongo ili usitibue maji. Tulipopakia, bibi aliupigapiga mgongo wangu, akasema huku akimtazama Bakari, "Udongo uwahi ungali maji." Nilidhani ananiambia niharakishe.

Nyasi zilishika. Tuliuchekecha udongo, tukaulowesha, tukauweka kina cha vidole viwili na mchanga juu yake. Baada ya hapo kila likizo Bakari aliona upungufu: mchanga umepungua, udongo umechoka. Nami nikapelekwa Kikoneni.

Nilipokuja kujenga nyumba yangu niliagiza lori la mchanga wa mto, likafika asubuhi ile ile. Nikaduwaa. Mchanga wa mto ulikuwa umejaa hapa Ukunda, jirani na Diani, miaka yote, na udongo mzuri haukuhitaji safari ya Kikoneni. Nikamwendea Bakari, mvi zimemjaa, nikamuuliza.

"Mwenye maneno hufungiwa mlango," alinijibu. "Mwenye shida hufunguliwa."

Miaka mingi kabla ya hapo, bibi alipozeeka na miguu kumkataa, aliomba mwenyewe aletwe kwetu. Nilikuwa kidato cha tatu. Mgeni mmoja alikuja kumjulia hali, akamuuliza siku hizi anakaa kwa nani.

"Niko kwa mwanangu," bibi akasema.

Nikadhani ni uzee, amesahau kuwa mwanawe hayupo. Nikafungua kinywa nimsahihishe kwa upole, na mama akanifinya paja ninyamaze.