Lenzi ya Hamsini, Njia ya Pito

Wapo wanaosema nilikuwa nimechoka, au ukungu ulinichezea macho. Sibishani nao. Aliyekuwa pale ni mimi, na ninachowaeleza ndicho nilichokiona.

Nilikuwa ndiyo kwanza naanza kupiga picha. Kamera yangu ilikuja na lenzi yake ndogo, na ndani ya kanisa picha zote zilitoka giza. Kaka Deo, mwenye studio hapa Sumbawanga mjini, ndiye aliyekuwa akinifundisha. Aliniambia niachane na malenzi makubwa yanayovuta mbali, nitafute ya milimita hamsini iliyotumika. Haivuti, lakini ni rahisi na inapokea mwanga mwingi.

Jioni moja nilikuwa natoka kupiga picha za kipaimara Pito. Ukungu ukashuka, bodaboda hazionekani. Sikuweza kutulia, nikawa natembea huku na huku kando ya shamba la mahindi yaliyokwisha kuvunwa. Akatokea kijana mpole, amevaa jaketi la kahawia, anaitazama kamera yangu.

"Mambo, dada. Hiyo lenzi haikusumbui kanisani?"

Nikamwambia inanisumbua sana. Akafungua kitambaa, akatoa hamsini. Nikaimulika kwa simu: kioo safi, hakina kuvu wala mkwaruzo.

"Sitaki bei kubwa," akasema. "Ijaribu kwanza. Nipige mimi."

Ningekataa kwa nini? Nikaifunga, nikampiga akiwa amenielekea, anatabasamu. Nikaangalia picha. Mgongo. Jaketi lile lile, na kiraka cha bluu nyuma ya bega. Nikapiga tena. Mgongo, na safari hii yuko mbali, katikati ya mabua. Niamini, mtu mwenyewe alikuwa mbele yangu. Ningenyoosha mkono ningemgusa.

"Uso umeonekana?" akauliza.

Nikachomoa lenzi, nikamrudishia. Vidole vyake vilikuwa vimelowa.

"Kumbe hata wewe hujaupata," akasema polepole. Hakukasirika. Akaingia kwenye mabua, nami nikakimbia hadi barabara kuu.

Kesho yake nikamwonyesha kaka Deo picha zile. Akakaa chini.

"Hicho kiraka nilikishona mimi," akasema.

Ni jaketi la Festo, mdogo wake, naye alikuwa mpiga picha. Alipanda mtumbwi Kipili, Ziwa Tanganyika, maji yakachafuka, na mwili haukupatikana.

"Nyumbani hatuna hata picha moja ya uso wake. Yeye ndiye aliyekuwa anatupiga sisi."

Tulikwenda Pito wote wawili. Mabua tu. Mpaka leo kaka Deo hufunga studio mapema akaenda kusimama pale na kamera. Mama yao naye huja kwangu. Namwamkia shikamoo, anaipokea haraka haraka, kisha anauliza: alikuwa amekonda? Alikuwa anacheka? Namweleza, anaondoka, na baada ya siku chache anarudi kuuliza upya. Mimi nami kila picha ninayopiga siku hizi naigeukia mara mbili tatu, nione kama watu wananitazama.

Basi wewe unayeanza, unayetafuta lenzi ya bei nafuu, nenda mchana, nenda na mwenzako. Na muuzaji akikuomba umpige, usikimbilie kuinua kamera. Mtazame kwanza uso kwa macho yako, umtazame vizuri, maana huenda ukaja kuulizwa na mama yake.