Nopoko na skuta ya upande wa pili wa ukuta

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, mtaa wa Rimkieta, pembezoni mwa Ouagadougou. Nopoko Zabsonré ameshafunga kitambaa puani, ameshavaa soksi na glavu, anapiga kiki. Kimya. Anapiga tena. Pikipiki yake ndogo ya bluu inakohoa kama mvuta tumbaku, halafu inazima.

Upande wa pili wa ukuta, mtu anabonyeza kitufe. Skuta inaitika palepale, kwa sauti laini, kama imeamka zamani, ilikuwa inasubiri kuitwa tu.

Nopoko anabaki na mguu juu ya kiki. "Umesikia?" anasema. "Kila siku ya Mungu. Yeye kidole, mimi teke."

Mwenye skuta ni Azeta Nikiema. Wote wawili wanafua mashuka kwenye kliniki binafsi kusini mwa jiji. Mshahara mmoja, faranga elfu hamsini kwa mwezi. Sabuni moja, na vidole vyao vimechubuka sawasawa. Ukiwakuta kwenye beseni huwezi kujua nani ana nini. Utajua jioni, wakitoka getini.

"Namwonea wivu," Nopoko anasema, na hakuna aliyemuuliza. "Unataka niseme namwombea heri? Namwombea Ijumaa. Siku zingine namwonea wivu."

Nopoko ana miaka thelathini na minane na watoto wawili. Mumewe yuko machimbo ya dhahabu kaskazini, anatuma hela akipata, na hapati sana. Zamani kliniki ilikuwa jirani, alikuwa anakwenda kwa baiskeli na anafika hajatoka jasho. Kisha wenye kliniki wakajenga jengo jipya Ouaga 2000, huko kwenye majumba makubwa. Kutoka Rimkieta ni kuvuka jiji zima.

Na sheria ikaja na jengo jipya. Mashuka ya usiku yawe yamelowekwa kabla ya saa moja asubuhi. Ukichelewa mara tatu ndani ya mwezi mmoja, kazi huna. Madamu Ilboudo, msimamizi wao, aliwaambia wazi: "Wanaotaka kufua wamejaa nje ya geti. Sihitaji hata kupaza sauti."

Azeta hakuhangaika. Ana kaka yake Abidjan. Kaka akatuma skuta mpya, nyeupe, plastiki ya kiti haijatolewa. Nopoko alibaki na baiskeli, anatoka nyumbani giza bado, anafika nguo zimelowa jasho.

Azeta si mtu mbaya. Hilo ndilo linalomkera Nopoko kuliko yote. Asubuhi nyingi alikuwa akimkuta njiani, anapunguza mwendo.

"Dada Nopoko, panda basi. Nafasi ipo."

"Nenda tu mdogo wangu. Mimi nafanya mazoezi."

"Mazoezi gani na jasho lote hilo?"

"Daktari kasema."

"Daktari yupi, dada? Wa kwetu wote nawajua, hakuna anayekusemesha."

Azeta anacheka, anaondoka, vumbi jekundu linabaki na mwenye baiskeli.

Kwa nini asipande? Nopoko anaangalia pembeni. "Nipande mgongoni kwake, Rimkieta nzima inione? Bora nipasuke mapafu."

Basi akaanza kutafuta chombo chake mwenyewe. Zamu yake ya upatu ilipofika, akauza na kondoo wawili, akapata faranga laki mbili na elfu sabini na tano. Akaenda kwa fundi Bruno Toé, mwenye gereji ya kibanda karibu na soko. Ukitaka pikipiki Rimkieta unaanza kwa Toé. Tatizo ni moja tu. Toé ni Msamo na Nopoko ni Mmosi. Makabila ya watani. Na utani wa hawa watu hauna likizo.

"Mtumwa wangu amekuja na pesa zangu," Toé alimpokea.

"Nyamaza, mla kichwa cha mbwa. Nataka pikipiki."

"Wamosi mnajisifu wafalme wa farasi. Farasi wameenda wapi?"

"Mababu zako waliwaiba."

Hiyo ni salamu. Baada ya hapo Toé alimwonyesha pikipiki ya bluu iliyokuwa imeegemea ukuta wa gereji yake. Injini ndogo, magurudumu makubwa membamba, kiti kimeshonwa kwa uzi wa viatu.

"Hii?" Nopoko alisema. "Si ndiyo aliyokuwa anapanda katekista?"

"Ndiyo. Na katekista hakuwahi kuchelewa misa hata siku moja."

Toé akamweleza. Njia ya Rimkieta ni mashimo matupu, na gurudumu dogo la skuta linaingia kwenye shimo zima zima, hili kubwa linapita juu. Spea zake ziko kila kona. Ikianguka ataiinua mwenyewe, hana haja ya kuita mwanaume. Mafuta inaramba tu, chupa moja ya lita inampeleka kazini na kumrudisha na inabaki. Miguu yake yote miwili inafika chini.

Yote hayo Nopoko aliyasikia. Anakubali aliyasikia. "Lakini nikaiwaza imesimama kando ya ile ya Azeta. Watu wangedhani mimi ndiye namletea maji ya kunawa."

Wakaenda yadi ya pikipiki za mitumba. Huko ndiko alikoiona skuta nyekundu. Sura ileile ya Azeta, vioo vilevile, kitufe cha kuwashia kilekile, ila nyekundu. Mwenye yadi akaibonyeza ikaitika. Nopoko anasema hakusikia neno lingine baada ya hapo.

Toé alichuchumaa, akapitisha kidole chini ya pale pa kuweka miguu. Rangi ya chini ilikuwa mpya kuliko ya juu. Akajua fremu imevunjika ikachomelewa, na juu yake ikapakwa rangi. Akamwambia. Alimwambia hivi:

"Mtumwa wangu, sasa naweka utani pembeni. Nunua hii, itakuzika. Na kwenye matanga yako mbuzi wote nitakula mimi."

Akacheka. Mwenye yadi, naye Mmosi, akacheka. Nopoko akacheka mpaka akashika kiti cha skuta.

Sasa hapo nani mwenye kosa? Msamo akitaka kumchoma Mmosi, huanza hivyohivyo, naweka utani pembeni. Na matanga ndiyo chakula chao kikuu, wanaahidiana kuzikana tangu utotoni. Nopoko alikuwa ameshazikwa na Toé mara nyingi tu, kwa mdomo.

"Huyu Msamo anaona wivu," Nopoko alimwambia mwenye yadi. "Hataki mwanamke wa Kimosi apande kitu kizuri." Akatoa pesa.

Wiki mbili aliishi vizuri. Alikuwa anajibonyezea kitufe chake alfajiri, na anakiri alikuwa anasubiri kwanza Azeta awashe ndipo na yeye awashe, ili isikike. Kwenye maegesho ya kliniki alimwambia mlinzi amwandikie namba ya maegesho kwa chaki kwenye kiti polepole, asichafue. Alinunua hijabu ya kuendana na rangi yake.

Siku skuta ilipokatika walikuwa barabara ya bwawa la Tampouy, wamefuatana, Nopoko mbele. Alikuwa amehakikisha yuko mbele. Gurudumu likaingia shimoni, na skuta ikajikunja katikati kama kitabu kinachofungwa. Alienda chini kwa goti na mkono.

Aliyesimama wa kwanza ni Azeta. Alilaza skuta yake nyeupe kwenye vumbi, akavua kitambaa chake cha kichwa, akamfunga goti.

"Dada, unaweza kukanyaga?"

"Niache."

"Nikuache wapi, hapa katikati ya malori? Panda."

Akapanda. Alivuka Ouagadougou mgongoni kwa Azeta, kumekucha kabisa, kiunoni ameshikilia vazi la mtu aliyekuwa anamkimbia mwaka mzima. "Goti halikuuma sana," anasema. "Kilichouma ni kwamba aliendesha polepole kwa ajili yangu."

Walifika wote wamechelewa. Madamu Ilboudo akawahesabia wote. Azeta akaenda kuloweka mashuka.

Mtu mwenye akili angepanda tena kesho yake. Azeta aligonga ukuta kumwita. Nopoko alishatoka nusu saa nyuma, na baiskeli, goti limevimba. Alifika saa mbili kasoro. Mara ya pili ndani ya mwezi. Madamu Ilboudo alimwonyesha kidole kimoja tu, kimebaki hicho.

Jioni ile alikodi mkokoteni wa punda, akapakia skuta yake nyekundu, akaenda kwa Toé.

"Farasi wa wafalme leo amevutwa na punda," Toé alianza.

"Kwa nini hukunikataza?"

"Nilikukataza."

"Ulikuwa unacheka."

"Niliwahi lini kuongea na Mmosi bila kucheka? Ningenyamaza ungedhani naumwa."

"Kungekuwa na namna. Ungenivuta pembeni. Ungeniambia kwa jina langu."

Toé alishika sehemu iliyokatika, akaigeuzageuza. Fundi anasema hapo utani ulimkauka. "Niliona goti lake," anasema. "Nilisema nitakula mbuzi wa matanga, na kweli ningekula. Kucheka lilikuwa kosa langu. Lakini mdomo umezoea."

Mke wake, Kibsa, ambaye ni Mmosi, alikuwa ameleta sahani ya benga, kunde na wali. Alisimama akasikiliza yote, kisha akamwambia Nopoko, kama vile mumewe hayupo: "Dada, ungeniuliza mimi. Huyu akitania anakutazama usoni, anataka kuona umeumia vipi. Akisema kweli anatazama chombo. Siku ile alikuwa anatazama wapi?"

Nopoko alifikiri. "Chini," alisema. "Alikuwa anatazama chini ya skuta."

"Basi."

Mpango ukafanyika papo hapo. Toé alichukua injini nzima ya nyekundu, taa, vioo na plastiki. Nopoko alichukua ya bluu. Hakuna aliyemlipa mwenzake. Toé alisema utani wao unamkataza kumdai mtumwa, Nopoko akajibu mtumwa ni Toé, na kwa kuwa ni mtumwa, ammiminie na lita moja ya mafuta. Akammiminia.

Kesho yake aliingia kliniki mapema. Mwezi ukaisha, ile mara ya tatu haikufika, na haijafika mpaka leo. Mafuta yanamlia faranga mia saba au zaidi kidogo kwa siku. Plagi akibadilisha anabadilisha mwenyewe. Msimu wa mvua, skuta nyingi za Rimkieta zinalala ndani kwa sababu ya matope, na siku mbili Azeta alikwenda kazini mgongoni kwa Nopoko, viatu mkononi.

Alijisikiaje?

"Vizuri sana," anasema, na hafichi. "Nilipita njia ndefu, ya sokoni. Lakini unajua watu walifanya nini? Walimsalimia yeye. Azeta, habari, Azeta, kaka yako hajambo? Mimi dereva tu."

Ukidhani hapo wivu ulikwisha, ujue haujawahi kulala ndani ya ua ule.

Wiki iliyopita Azeta aliongea juu ya ukuta, kidevu kimeegemea tofali. Kaka wa Abidjan anatuma nyingine, kubwa zaidi. Nyeupe anaiuza.

"Nimekwambia wewe kwanza, dada Nopoko. Sijamwambia mtu. Utalipa kidogo kidogo."

"Nitafikiria."

"Fikiria basi, ila usifikirie mpaka mvua."

Nopoko aliingia ndani akakasirika siku nzima. Watoto walikula mapema wakaenda kulala bila kuambiwa. "Miaka miwili naitamani ile skuta," anasema. "Sasa napewa, kwa sababu yeye ameichoka. Ningefurahi vipi?"

Alimuuliza Toé. Toé akasema, "Chukua, mtumwa wangu. Nyuma ya ukuta ule usingizi wenyewe hupati." Akacheka. Nopoko alijaribu kuangalia macho yake yako wapi, lakini fundi alikuwa amevaa miwani ya kuchomelea.

Kwa hiyo amepanga hivi. Jumapili ataipeleka skuta nyeupe gereji. Toé ataikagua mpaka chini. Kibsa ataketi kwenye benchi mbele yake, kazi yake ni kumtazama mumewe macho tu. Kibsa akikubali, Nopoko ananunua. Ya bluu haiuzi. Itabaki ya mvua, na ya binti yake mkubwa akianza kujifunza ushonaji mjini.

Saa kumi jioni, maegesho ya kliniki. Nopoko anafuta namba ya chaki kwenye kiti kwa kiganja. Azeta anapita, glavu mkononi.

"Dada, umefikiria?"

"Jumapili. Niletee ikiwa na mafuta."

"Nitaijaza."

Azeta anabonyeza kitufe, anatoka getini, mlinzi anampungia mkono. Nopoko anamfuata kwa macho mpaka kwenye kona.

"Hiyo mpya inayokuja," anasema, "inawashwa na funguo kwa mbali. Mtu yuko ndani anakunywa uji, skuta inawaka nje. Hana haja hata ya kidole."

Anakanyaga kiki. Inakohoa. Anakanyaga tena.