Wanne wa Mwaka Uliopita

Daktari wa upasuaji wa moyo aliyefanya kazi na Nesi Fiona pale Doha alikuwa na mikono midogo, na kila alipowaza aliisugua kama mtu aliyetoka kwenye baridi, hata Julai. Hakuzungumza na mgonjwa akiwa wima. Alivuta kiti kwanza. Hospitali yao ilipoanza kutangaza mtandaoni matokeo ya kila mpasuaji, wangapi walipona na wangapi walifariki, wenzake wawili walianza kuwakwepa wagonjwa wenye hali ngumu. Ndivyo Njenga, dereva Mkenya kutoka Al Rayyan, mji wa jirani, alivyofika kwake, akiwa amekataliwa mara mbili.

Daktari alimwekea karatasi ya matokeo mapajani. "Mwaka jana niliwapasua watu tisini," alisema, Fiona akitafsiri kwa Kiswahili. "Wanne walifariki." Kisha akawataja hao wanne mmoja mmoja bila kuitazama karatasi: mwalimu wa hesabu, mama wa mapacha, mpishi aliyependa kuimba, na mzee aliyeomba wasianze mpaka mjukuu wake afike. Kwa huyo wa mwisho Fiona alikohoa kidogo kabla ya kutafsiri, maana siku hiyo naye alikuwepo chumbani.

"Na mimi je?" Njenga aliuliza.

"Hatari ni kubwa. Lakini ukikubali, nitakupasua."

Njenga alimgeukia Fiona. "Mwambie nimekubali. Huyu hasahau watu."

Siku ya kumi na moja baada ya upasuaji, Njenga alitoka hospitalini kwa miguu yake, akilalamika kwamba uji wa hospitali hauna sukari, na Fiona akacheka naye mpaka kwenye gari.